Tundu la Chini Kushoto

Nilihesabu mara tatu. Kasha la stata, yaani swichi ya kuwashia mota ya konveya (mkanda wa kubebea makaa), lilikuwa na matundu 12 kuzunguka mfuniko wake, na bolti zilizokuwemo zilikuwa 11. Tundu la chini kushoto, lililo karibu na sakafu ambako spana huingia kwa shida, lilikuwa limejaa vumbi la makaa lililoshikana na grisi kavu. Vumbi hilo lilinionyesha kwamba bolti haikuwa imepotea jana.

Nilikuwa katika mwezi wangu wa nne wa kazi ya ukaguzi, baada ya miaka tisa ya kuwa fundi umeme wa mgodini. Msimamizi wa zamu, mtu mzima tuliyeheshimiana, alichutama pembeni yangu na kumulika kwa taa ya kofia. "Mkaguzi, hizi 11 zimekaza kweli kweli," aliniambia. "Mfuniko huo hata kwa nyundo hautikisiki. Nikizima hapa, konveya inasimama na zamu nzima inasimama. Jumamosi tuna matengenezo, nitaiweka."

Ilikuwa Jumatatu. Niliandika kwenye fomu: bolti moja haipo, irekebishwe. Nikatia saini, umeme ukaendelea.

Hakuna kilicholipuka. Nalisema mapema ili msomaji asikae akingoja maafa. Karibu yote ninayoyaandika hapa ni mambo ambayo hayakulipuka, na hayo ndiyo yaliyonifundisha, kwa sababu kila moja lilipita mbele ya watu wengi wenye akili na nia njema kabla ya kufika mbele yangu, na mengine yalinipita na mimi.

Watu wengi, hata mafundi waliosomea umeme, wanaamini kwamba kasha la aina ile linazuia gesi isiingie. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa muda mrefu na hakuna aliyenisahihisha. Sivyo. Kasha lisilopitisha mwali, lile lenye herufi "d" kwenye kibati chake, limeundwa kwa kukubali tangu mwanzo kwamba gesi itaingia. Kasha linapumua. Vifaa vya ndani vikipata joto hewa hutanuka na kutoka, vikipoa hewa ya nje huvutwa ndani, na methani iliyomo hewani huja nayo. Siku kontakta, swichi iliyomo ndani, itakapofunga na kutoa cheche wakati mchanganyiko umeiva, ndani kutalipuka. Waliolibuni wanalijua hilo. Wanachotaka ni kuta zistahimili kishindo bila kupasuka, na mwali unaokimbilia nje kupitia mwanya kati ya mfuniko na mwili wa kasha unyonywe joto na chuma, hadi ukitoka usiwe na nguvu ya kuwasha gesi iliyoko nje.

Kwa hiyo mwanya ule mwembamba ambao jicho halioni ndio kila kitu. Kwa methani, majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba kwenye nyuso za chuma zenye upana wa milimita 25, mwali huanza kupenya mwanya ukizidi takriban milimita 1.14. Kwa haidrojeni ni milimita 0.29 tu. Kiwango cha kimataifa, IEC 60079-1, hakimruhusu mtengenezaji kufika kwenye ukomo huo. Kinamtaka abaki chini yake sana, ili pawepo akiba.

Sasa toa bolti moja. Kasha likiwa limetulia, ukipitisha fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, utaona mwanya uko sawa, na ukigonga mfuniko hautatikisika. Lakini ndani kukilipuka, shinikizo linausukuma mfuniko wote kwa mkupuo mmoja, na pale pasipo na bolti chuma kinajikunja kidogo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mwanya unafunguka mahali hapo, na muda huohuo mwali unatafuta pa kutokea. Msimamizi wangu alilipima kasha kwa nyundo, na nyundo ilimwambia ukweli kuhusu kasha ambalo halijalipuka.

Jumatatu iliyofuata nilirudi. Bolti ilikuwepo, mpya, inang'aa. Nilitaka kufunga daftari niondoke, lakini nilikuwa na nusu saa ya kusubiri lifti, nikakaa chini nikasoma cheti cha kasha lile kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Naona haya kusema kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza kukisoma cheti kizima. Namba yake iliishia na herufi X. Nilikuwa nimeiona X hiyo kwenye vibati vingi nikidhani ni sehemu ya namba, kama herufi za mwisho za namba ya gari. Kumbe X ni onyo: kifaa hiki kina masharti maalumu ya matumizi, nenda kayasome. Katika masharti yake mojawapo lilisema bolti za mfuniko ziwe za daraja la nguvu la 10.9.

Nilirudi na tochi. Bolti 11 za zamani zilikuwa na 10.9 kichwani. Ile mpya ilikuwa na 8.8, daraja dhaifu zaidi. Ilitoka stoo ya jumla, kwenye debe la bolti za kufungia vizuizi vya konveya. Tulipoifungua tukaona jingine: ilikuwa ndefu kuliko wenzake. Ncha yake ilifika mwisho wa tundu kabla kichwa hakijaubana mfuniko. Aliyeikaza alihisi spana imegoma, akaamini kazi imekwisha. Ilikuwepo, imekaza, na haikuwa imeshika chochote.

Hapo niliizima stata. Msimamizi alinitazama kwa muda, kisha akasema bila kupaza sauti, "Wiki iliyopita hapakuwa na bolti kabisa, ukaniacha niendeshe. Leo bolti ipo, unanizimia. Nikuelewe vipi?"

Nilimwambia kwamba kosa la wiki iliyopita lilikuwa langu. Nililiandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Lakini swali lake lilikuwa zito kuliko jibu langu, na bado nalichukulia kuwa swali la haki kabisa ambalo mtu anaweza kumuuliza mkaguzi. Sheria ikishikwa kwa nguvu leo na kuachiwa kesho, mtu aliye chini ya mgodi hajifunzi sheria. Anajifunza tabia ya mkaguzi.

Mkuu wangu wa kazi wakati huo alikuwa mama mmoja aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake katika maabara ya upimaji kabla ya kuhamia kwenye ukaguzi. Aliposoma ripoti ile hakunikemea. Alinichukua kesho yake hadi maabara alikotoka, akaniombea nisimame nyuma ya kioo kinene nitazame.

Walikuwa wanapima kasha la mtengenezaji fulani. Waliliweka ndani ya chumba cha chuma, wakajaza gesi ndani ya kasha na nje yake. Sikujua kwamba kwa vifaa vya migodini jaribio la mwali halitumii methani peke yake. Huchanganywa na haidrojeni ili mchanganyiko uwe mkali kuliko ule utakaokutwa chini ya ardhi. Plagi ya cheche iliyo ndani ikawashwa. Tulisikia kishindo kizito, kama mlango wa chuma uliofungwa na upepo mbali na hapo. Kasha lilibaki kimya. Gesi iliyolizunguka, ambayo ingetosha kukiangaza chumba chote, haikushika moto. Walirudia. Walirudia tena hadi mara tano, maana mara moja haithibitishi kitu. Tulipokwisha, walikagua mwanya kwa vipimo ambavyo sikuwa na kimojawapo kwenye mkoba wangu.

"Mwanangu," mama yule aliniambia tukiwa tunatoka, "cheti kinazungumza juu ya hilo kasha uliloliona pale, na yale yanayofanana nalo. Lile la kwako lenye bolti ya stoo hatujalipima. Hakuna aliyelipima popote duniani. Ulipotia saini, ulisema yanafanana."

Maneno hayo yalibadilisha namna ninavyofanya kazi. Tangu siku ile sijaangalia cheti kama ruhusa. Nakiangalia kama maelezo ya kitu kimoja kilichowahi kuwepo, na kazi yangu ni kuuliza kama hiki kilicho mbele yangu bado ni kile. Viwanda hukaguliwa mara kwa mara ili kila kasha linalotoka lifanane na lililopimwa. Mifumo ya vyeti vya vifaa hivi, IECEx ya kimataifa na ATEX ya Ulaya, yote inalidai hilo, na mtengenezaji asiyekaguliwa hupoteza haki ya kuendelea kutumia cheti. Lakini lori likishatoka getini, kufanana huko kunaanza kuliwa kidogo kidogo, na walaji wake ni watu wanaojitahidi.

Mmoja wao alikuwa fundi kijana niliyemkuta katika mgodi mwingine. Kwenye makasha sita ya njia yake, kati ya flenji, ule ukingo bapa wa kasha, na mfuniko, alikuwa amepaka silikoni safi, imenyooka kama imepigwa rula. Alinionyesha kwa fahari. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka paani na stata mbili zilikuwa zimewahi kuzima kwa unyevu, naye alikaa baada ya zamu yake, bila malipo, akaziba yote. Silikoni ikikauka inakuwa tabaka jipya kati ya nyuso mbili za chuma, inazitenganisha, na njia ya mwali iliyopimwa maabara inakuwa haipo tena. Kinachoruhusiwa ni grisi isiyoganda, ile inayoondoka kirahisi na kuiacha njia wazi. Alijua silikoni ilikatazwa. Ilikuwa imeandikwa kwenye tangazo ukutani, herufi kubwa: marufuku kupaka gundi au rangi kwenye flenji. Alidhani ni kwa sababu kufungua kunakuwa kugumu, na alikuwa tayari kupata tabu ya kufungua.

Tulikaa siku nzima tukikwangua kwa kikwangulio cha plastiki, maana cha chuma kingeacha mikwaruzo kwenye uso wa flenji. Maji tulimaliza tatizo lake kwa kuweka kikinga matone juu ya makasha. Tulipokuwa tunakwangua nilimweleza jinsi mwali unavyopozwa. Aliacha kazi, akakaa kimya, kisha akasema angetaka kurudi kwenye mgodi aliokuwa mwanzo akaangalie alichokifanya huko. Alikwenda kweli. Tangu wakati huo siandiki katazo kwenye ripoti bila kuandika sababu yake chini, hata kama ripoti inarefuka na wakubwa wananiuliza kwa nini.

Kijana huyohuyo aliniuliza swali ambalo mafundi wengi wanalo moyoni. "Stata ya volti 1,000 naelewa. Lakini simu hii na kengele zinazotumia betri ndogo, nazo zinahitaji cheti?"

Nilimweleza habari za Senghenydd, kule Wales. Tarehe 14 Oktoba 1913 mlipuko wa gesi na vumbi la makaa uliua wachimbaji 439 katika mgodi mmoja, na mwokoaji mmoja juu yao. Chanzo hakikuthibitishwa bila shaka, lakini miongoni mwa vilivyoshukiwa zaidi ni vifaa vya umeme vya kupigia ishara, kengele zilizotumia betri na waya zilizo wazi. Wakati ule wengi waliona umeme mdogo kama huo hauwezi kuwasha gesi. Wanasayansi Wheeler na Thornton walilifanyia kazi swali hilo na kuonyesha kwamba volti za betri hazikupi picha. Koili ya kengele huweka nishati katika usumaku wake, na waya mbili zikigusana na kuachana nishati hiyo hutoka yote kama cheche. Methani inapochanganyika na hewa kwa kiasi kinachowaka vizuri zaidi huhitaji milijuli 0.28 hivi tu. Cheche inayokurusha mkono unapogusa kitasa baada ya kutembea juu ya zulia inaweza kuzidi hapo mara nyingi.

Kutokana na kengele zile ndipo lilipozaliwa wazo ninalolipenda kuliko yote katika fani hii: badala ya kuufungia mlipuko ndani ya chuma, punguza nishati ya saketi hadi isiweze kuwasha gesi hata waya ikikatika, hata kipande kikiharibika. Herufi yake ni "i". Vifaa vya daraja la "ia" hubaki salama hata hitilafu mbili zikitokea kwa pamoja, ndiyo maana vipima gesi vya daraja hilo vinaweza kuendelea kufanya kazi wakati kila kitu kingine kimezimwa. Lakini salama hiyo ni ya saketi nzima pamoja na betri yake. Nimewahi kukuta kipima gesi kilichobadilishiwa betri kwa nyingine ya umbo lile lile na volti zile zile. Kiliwaka, kilipima sawasawa, na hakikuwa na cheti tena.

Na kuhusu Senghenydd kuna jambo jingine linalonikaa moyoni. Baada ya kesi, meneja alitozwa faini ya pauni 24 na kampuni pauni 10. Kwa watu 440. Wakiniambia sheria za siku hizi ni kali mno, namba hizo hunijia kwanza.

Wala mambo hayo si ya kale tu. Tarehe 19 Novemba 2010 watu 29 walikufa katika mlipuko wa mgodi wa makaa wa Pike River, Nyuzilandi. Feni kuu ya mgodi ule iliwekwa chini ya ardhi, na mota yake haikuwa na kinga dhidi ya mlipuko. Feni ndiyo mapafu ya mgodi wa makaa.

Mabishano marefu kuliko yote niliyowahi kuwa nayo yalikuwa juu ya taa. Meneja wa ununuzi alikuwa ameagiza taa za kiwanda cha kemikali, zimeandikwa IIC. Alikuwa amesoma, na hoja yake ilikuwa na mantiki: kundi la IIC linahusu haidrojeni na asetilini, gesi zinazowaka kirahisi kuliko methani. Taa inayoistahimili haidrojeni itashindwa vipi na methani? Kwa upande wa gesi peke yake alikuwa sahihi. Lakini migodi yenye gesi ina kundi lake, kundi la I, kwa sababu mgodi hauna gesi tu. Una mawe yanayoanguka, una vumbi la makaa linalotua juu ya kifaa na kukizuia kupoa, ndiyo maana uso wa kifaa ambacho vumbi linaweza kukitulia haupaswi kuzidi nyuzi 150. Na una chuma chenye kutu kila mahali. Mwili wa taa zile ulikuwa wa alumini. Alumini ikigongwa na chuma chenye kutu inaweza kutoa cheche kali bila umeme wowote kuhusika, na kwa sababu hiyo vifaa vya kundi la I vimewekewa ukomo: alumini, magnesi, titani na zirkoni kwa pamoja zisizidi asilimia 15 ya uzito wa malighafi ya kasha la nje.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taa zimeshalipiwa. Hilo nalo lilikuwa kweli, na sikuwa na la kumsaidia. Zilipelekwa kwenye kiwanda cha juu ya ardhi, mahali panapozifaa.

Vyeti bandia nimekutana navyo mara mbili, na nitaeleza kimoja. Boksi za maungio ya kebo zilikuja na cheti kizuri, chenye mhuri na namba. Namba ilikuwa ya kweli. Nilipoitafuta kwenye orodha ya vyeti vya IECEx, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bure, nikakuta ni cheti halali cha mtengenezaji halali, cha taa. Boksi zile zilikuwa zimekaa chini ya ardhi miezi minane, na makaratasi yake yalikuwa na saini za watu watatu. Dakika tano za kutafuta zilitosha. Nilichojifunza hapo ni kuomba cheti kabla kifaa hakijanunuliwa, wakati kusema hapana bado hakumuumizi mtu mfukoni.

Lakini mahali panaponitia hofu kuliko vyeti bandia ni karakana za matengenezo. Mota isiyopitisha mwali inaungua, inapelekwa kuwaindiwa upya, yaani kuzungushiwa waya mpya, inarudi imepakwa rangi nzuri. Nani aliipima njia ya mwali kwenye shafti baada ya beringi kubadilishwa? Nimepokea mota ambayo shafti yake ilichongwa kuondoa mikwaruzo. Kazi safi ya mashine ya kukereza, inang'aa kama kioo, na uwazi kuzunguka shafti ulikuwa umeshapita kipimo cha mtengenezaji. Upo mwongozo kamili wa matengenezo hayo, IEC 60079-19, unaoeleza nani anastahili kuifanya kazi, nini kipimwe, kumbukumbu zipi zitunzwe na alama gani iwekwe. Katika sehemu nyingi nilizofanya kazi, mtengenezaji alibanwa kila upande na aliyeifungua mota ile akaijenga upya hakuulizwa na mtu. Kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa kuliko yote katika usimamizi wa vifaa hivi. Karakana inayofungua kasha la mlipuko ikaguliwe kama kiwanda kinavyokaguliwa, kwa ukali uleule, na isiyotaka ibaki na mota za pampu za bustani. Nimelisema hilo kwenye vikao hadi watu wamechoka kunisikia, na nitaendelea.

Miaka mingi baada ya ile bolti, nilikuwa naandaa mafunzo kwa wakaguzi wapya, nikaomba kumbukumbu za gesi za mgodi ule kwa wiki niliyotia saini. Nilitaka tu mfano wa jinsi data inavyosomwa. Umeme kwenye mgodi ule ulipaswa kukatwa methani ikifika asilimia 1.25, mbali kabisa na asilimia 5 ambapo mchanganyiko huanza kuweza kulipuka.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano mstari ulikuwa chini, umenyooka. Alhamisi usiku feni saidizi ya eneo lile ilisimama kwa dakika 22. Kihisi kilichoning'inia paani karibu na konveya kilipanda polepole: 0.4, 0.7, 0.9, hadi asilimia 1.1. Hakikufika kwenye ukomo, kwa hiyo hakuna kilichozimwa. Nililinganisha na kumbukumbu za konveya. Katika dakika zile 22 stata iliwashwa mara sita, labda kwa sababu mkanda ulikuwa unakwama. Kihisi kilipima hewa iliyokizunguka. Kilichokuwa mita kadhaa kutoka hapo, na kilichokuwa kimevutwa ndani ya kasha, hakuna aliyekipima.

Nilikuwa bado na namba ya simu ya msimamizi wangu wa zamu. Alikuwa ameshastaafu. Nilimpigia, nikamsomea namba zote, saa kwa saa. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha kukawa kimya kirefu kwenye laini.

"Tundu lile la chini kushoto?" aliniuliza.

Nikamwambia ndilo.